Amari na Kani: Istilahi za Fizikia katika Fumbo la Mnyororo Uangukao

Katika msamiati wa mabaharia wa mwambao, tangu Malindi hadi Kilifi, kamba ya nanga ina jina lake: amari. Zamani ilisokotwa kwa makumbi ya nazi. Siku hizi huwa ya nailoni, au huwa mnyororo. Nanga itiwapo, amari iliyolala sitahani huifuata pindi baada ya pindi. Tukio hili lina fumbo la fizikia ambalo Arthur Cayley alilichambua mwaka 1857, nalo ni kipimo chema kwa wanaodai kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba hesabu za mwendo.

Na tuchukue mnyororo uliorundikwa ukingoni, sehemu yake ikining'inia. Katika mazungumzo, neno uzito hubeba dhana mbili: wingi wa maada iliyomo katika kitu, na kani ya mvuto wa dunia juu ya kitu hicho. Asiyezitenga huona "uzito" uning'iniao ukizidi, akahukumu kuwa mchapuko nao huzidi. Sivyo. Kani huongezeka, lakini tungamo linaloendeshwa huongezeka pia, na kila pete iliyolala sharti iamshwe. Hapa kani haitoshi kuelezwa kuwa tungamo mara mchapuko. Ni kadiri ya badiliko la zao la tungamo na kasi kwa kila sekunde. Pasipo msuguano, na ikichukuliwa kuwa kila pete huamshwa kwa mshtuko usio na mrudio, mchapuko ni theluthi ya ule wa kitu kiangukacho huru: yapata mita 3.3 kwa sekunde mraba.

Mfano wa pili ni mnyororo wa mita 3 na kilo 6, ulioshikwa wima, ncha yake ikigusa mizani, kisha ukaachiliwa. Mchapuko wa mvuto ukikadiriwa kuwa 10, nusu ya mnyororo ikishatua ina uzito wa nyutoni 30. Kuzisimamisha pete zinazowasili kwahitaji nyutoni 60 zaidi. Mizani husoma 90, mara tatu ya uzito uliotua.

Kwa hiyo, kutenga tungamo, uzito na kani si urembo wa kamusi: bila utengano huo jawabu hupotea. Istilahi hizo zipo. Lililobaki ni kuzifundisha kwa mifano ambayo mwanafunzi wa pwani ameishaiona, amari ikiwa mmojawapo.