Kitanda cha nyanya sebuleni: habari ya mchezo wa Waingereza

Mara hii tunaeleza habari ya mchezo wa kuchekesha wa televisheni ya Uingereza uitwao The Royle Family. Tumeuchagua kwa sababu chini ya kicheko chake mna jambo linalogusa kila jamaa: kumtunza mzee anayekaribia kufa.

BBC ilianza kuuonyesha mwaka 1998. Caroline Aherne na Craig Cash waliuandika pamoja na wenzao, na wao wenyewe wanaigiza ndani yake. Jina ni mzaha: Royle hutamkwa sawasawa na neno la Kiingereza lenye maana ya kifalme, kumbe hawa ni watu wa hali ya chini wa mji wa Manchester. Baba, Jim, hana kazi. Mama, Barbara, anauza mikate saa chache. Binti yao Denise ni mvivu kupita kiasi, na Antony, mdogo wake, ndiye anayetumwa kila dakika: fungua mlango, pika chai.

Karibu mambo yote yanapita sebuleni, watu wamekaa wakitazama televisheni. Hakuna sauti ya wachekaji iliyowekwa nyuma, basi unajisikia kama umeketi pamoja nao. Katika sehemu ya kwanza Jim ameshika hesabu ya simu na anafoka: nani kati yenu amepiga simu Aberdeen? Yeyote ambaye ameazimisha simu yake akakuta mayuniti yameisha anamjua baba huyu.

Tuseme ukweli, kinywa cha Jim si safi. Ana neno moja la matusi asilochoka kulirudia, na hatushauri kuuonyesha mchezo huu mbele ya watoto. Lakini siku ya Krismasi ya mwaka 1999 ilionyeshwa sehemu ambamo uchungu wa uzazi unamshika Denise. Anaketi sakafuni bafuni akilia kwa hofu. Jim, mtu wa dhihaka, anaketi chini karibu naye, anamtuliza kwa sauti ndogo, naye analia.

Sehemu tunayoipenda zaidi ilitoka Oktoba 2006, nayo inaitwa Malkia wa Sheba. Wasomaji wanamkumbuka yule wa 1 Wafalme 10, aliyefika Yerusalemu na ngamia, dhahabu na vito. Malkia wa hapa ni Norma, mama yake Barbara, ambaye wajukuu wanamwita nyanya. Liz Smith alimwigiza akiwa na miaka 84. Norma hana nguvu tena, kitanda chake kimeletwa nyumbani kwa Barbara, na maisha yanaendelea kumzunguka: chai, televisheni, mizaha. Barbara anamtengeneza nywele mama yake, taratibu, huku wanaongea, na wote wawili wanajua kwamba siku zimebaki chache.

Huko Uingereza wazee wasiojiweza mara nyingi hupelekwa katika nyumba maalumu za wazee. Kwetu tunajisifu kwamba mzee wetu anabaki nyumbani. Lakini kubaki nyumbani kunaweza kuwa chumba cha nyuma, sahani inayoletwa na mtoto, mlango unafungwa tena. Kitanda cha Norma kiko mahali wanapocheka wengine, na kuna mkono unaomgusa kichwa.

Na Jim? Miaka yote amenung'unika juu ya mama mkwe huyu anayekuja kula kwake. Hatoi hotuba ya toba. Anaendelea kumtania, naye nyanya anamrudishia, kama walivyozoeana. Norma anafariki katika sehemu hiyohiyo, na wale waliozoea kucheka mbele ya televisheni wanabaki na kiti chake kitupu.