Mabuyu, Bitiruti na Mfuko: Rangi Zinazowatisha Wenye Stoma

Mtu asiye na stoma hana sababu ya kukichunguza choo chake. Anamaliza haja, anamwaga maji, anaendelea na shughuli zake. Mwenye stoma hana nafasi hiyo. Kila anapomwaga mfuko, na mwenye ileostomi huumwaga mara 4 hadi 8 kwa siku, kilichotoka tumboni kiko mbele ya macho yake. Siku kinapotoka chekundu, kijani kibichi au cheusi, moyo humwenda mbio. Mara nyingi sababu ni kitu alichokula au alichokunywa siku hiyo hiyo au siku moja au mbili kabla, lakini wengi hawakuwahi kuambiwa.

Stoma ni tundu ambalo daktari wa upasuaji hulifungua kwenye ukuta wa tumbo ili uchafu utokee hapo na kuingia kwenye mfuko unaobandikwa juu yake. Ikitoka kwenye utumbo mpana huitwa kolostomi, ikitoka mwishoni mwa utumbo mwembamba ni ileostomi, na ikiwa ni ya mkojo ni urostomi. Miongoni mwa wenye stoma wapo watoto waliozaliwa bila njia ya haja kubwa, watu ambao homa ya matumbo iliwatoboa utumbo, wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana, na wale waliotolewa kibofu kwa saratani ambayo kichocho cha muda mrefu ni moja ya vyanzo vyake.

Tuanze na mabuyu. Mbegu za ubuyu zikipikwa kwa sukari na rangi nyekundu hupaka vidole, ulimi na meno, na hakuna anayeshangaa. Mtoto mwenye ileostomi akizila saa nne asubuhi, wekundu ule unaweza kuingia kwenye mfuko kabla ya alasiri: majimaji mekundu yaliyochanganyika na ujiuji wa manjano, hayana madonge, na ukiyapangusa kwa karatasi nyeupe yanaacha doa la waridi. Mama anayeliona kwa mara ya kwanza hawezi kulaumiwa akimbeba mwanawe mbio hadi hospitali. Ajabu ni kwamba mtoto mwingine mwenye kolostomi ya upande wa kushoto anaweza kula mabuyu yale yale na mfuko wake usibadilike hata kidogo.

Tofauti hiyo inaletwa na bakteria. Rangi nyingi za viwandani za wekundu, manjano na chungwa, kama Allura Red (E129), tartrazine (E102) na Sunset Yellow (E110), ni za jamii inayoitwa azo. Ndani yake mna kifungo cha atomu mbili za naitrojeni, na kifungo hicho ndicho kinachoipa rangi nguvu. Bakteria wa utumbo mpana wana vimeng'enya vya kukikata, na kikikatika rangi hufifia. Mwenye ileostomi chakula chake hakifiki kwenye utumbo mpana, kwa hiyo rangi hutoka karibu kama ilivyoingia. Rangi ya bluu iitwayo Brilliant Blue (E133) si ya jamii ya azo. Mwili huifyonza kidogo mno na karibu yote hutoka na choo, ikachanganyika na manjano ya nyongo na kuwa kijani cha kushtua. Keki ya bethidei yenye sukari ya bluu yatosha kabisa kuleta hali hiyo.

Nyongo yenyewe inastahili maelezo. Inapotoka kwenye ini ina manjano yanayoelekea kijani. Choo cha kawaida huwa cha hudhurungi kwa sababu bakteria wa utumbo mpana huigeuza nyongo hiyo. Ndiyo maana mwenye ileostomi hutoa choo cha manjano au kijani hata kama amekula wali mweupe na samaki. Hana ugonjwa mwingine, na hahitaji dawa ya kuzuia kuharisha kwa sababu ya rangi peke yake.

Rangi za asili nazo zina visa vyake. Bitiruti ina betanini, ambayo kwa baadhi ya watu hupita tumboni bila kuvunjwa na kutia wekundu kwenye choo na mkojo. Wenye upungufu wa madini ya chuma huathirika zaidi. Juisi ya rozela na zambarau zina anthosianini, rangi inayobadilika kulingana na uchachu: nyekundu ikiwa kwenye kitu kichachu, na huelekea bluu au kijani uchachu unapopungua, kama unavyopungua kwenye utumbo mwembamba. Mtu anakunywa juisi nyekundu, anatoa kitu cheusicheusi chenye ukijani, na hawezi kuhusisha viwili hivyo. Mchicha na kisamvu huleta kijani, manjano ya pilau huleta manjano. Maganda ya nyanya na pilipili hoho nyekundu hayasagiki, hutoka vipande vipande vinavyofanana na damu mpaka uvisogelee.

Kuna kisa kinachojulikana sana kwa madaktari wa watoto. Mwaka 1972, jarida la kitabibu la Marekani, Pediatrics, lilieleza habari za mvulana wa miaka 12 aliyelazwa kwa sababu ya choo cha waridi. Hakuwa na ugonjwa. Alikuwa amekula nafaka za asubuhi za Franken Berry, zilizotiwa rangi nyekundu. Mvulana huyo hakuwa na stoma. Ikiwa mwenye utumbo kamili aliweza kuwahangaisha madaktari kiasi hicho, tusimshangae mwenye ileostomi anayeshtuka.

Muda ndio msaada mkubwa zaidi. Mwaka 2021 watafiti wa Uingereza waliwapa watu keki zenye rangi ya bluu na kuwaomba waangalie bluu itatoka lini. Kwa kawaida ilichukua kama siku moja na saa kadhaa. Kwa mwenye ileostomi, chakula hufika kwenye mfuko kwa saa chache tu, mara nyingi 4 hadi 6. Basi akiona wekundu jioni, aukumbuke mlo wa mchana na vitafunio vyake. Mwenye kolostomi arudi nyuma siku moja au mbili. Rangi ya chakula ikishapita hupungua kila mfuko unapomwagwa, na isipopungua, hiyo si rangi ya chakula.

Kwa mwenye urostomi, dawa hushukiwa kabla ya chakula. Rifampicin ya kifua kikuu hugeuza mkojo kuwa wa chungwa au mwekundu, na hilo halina madhara. Bitiruti nayo huonekana, lakini kipimo cha kuchovya kijiti kwenye mkojo hakioni damu ikiwa wekundu ni wa bitiruti tu. Mfuko ukigeuka zambarau, hiyo ni habari nyingine: bakteria wanaosababisha maambukizi ya mkojo wametengeneza rangi kutokana na triptofani, kiambata cha protini kilichomo kwenye mayai, nyama na maharage. Hapo mtu apimwe maambukizi.

Vidonge vya kuongeza damu hufanya choo kiwe cheusi au kijani kilichokolea, na vidonge vya mkaa ambavyo wengine hutumia kupunguza harufu hufanya vivyo hivyo. Lakini weusi unaong'aa, unaonata na wenye harufu kali isiyo ya kawaida ni damu iliyotoka juu, tumboni au karibu na hapo, na haungoji kesho.

Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu hatari iko pande zote mbili. Anayeogopa kila wekundu anajinyima matunda na kumaliza nauli yake hospitalini. Anayesema "ni bitiruti tu" bila kukumbuka lini aliila anaweza kupoteza damu nyingi. Matone machache juu ya stoma wakati wa kuifuta ni kawaida, kwa kuwa ina mishipa mingi midogo na ngozi laini kama ya ndani ya mdomo. Damu inayotoka ndani ya tundu, yenye madonge, inayorudi mfuko baada ya mfuko, au inayokuja na kizunguzungu na mapigo ya haraka, ni dharura. Stoma yenyewe ikigeuka zambarau iliyokolea au nyeusi, damu haiifikii vizuri, na mtu aende hospitali usiku huo huo. Choo kikiwa cheupe, nyongo huenda imezibwa njiani.

Kwa maoni yangu maelezo haya yanapaswa kutolewa kitandani, siku mgonjwa anapofundishwa kubadilisha mfuko, na siyo baada ya hofu ya kwanza. Anayekwenda hospitali kwa sababu ya rangi apige picha ya mfuko kabla ya kuumwaga, na aandike alichokula, alichokunywa na dawa alizomeza tangu jana yake, pamoja na saa.