Ruzuku Huanzia Kwenye Daftari: Mashirika ya Afya na Ustawi wa Jamii Kilosa na Mikumi (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia pale kikundi kinapokabidhiwa hati ya usajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002. Hati ikishaning'inizwa ukutani, swali linalofuata ni moja kila mahali: fedha tutapata wapi?

Nitajibu kwa kuanzia Ulaya. Sisemi Ulaya ya ng'ambo wanakotoka wafadhili. Nasema Ulaya Mbuyuni, kijiji cha wilaya ya Kilosa. Kuanzia mwaka 2012 Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, TFCG, pamoja na mtandao wa wanajamii unaoitwa MJUMITA, waliendesha huko na katika vijiji vingine vya wilaya mradi wa mkaa endelevu kwa fedha za Serikali ya Uswisi. Wanakijiji walipima msitu wao, wakapanga matumizi ya ardhi, wakatenga vitalu vya kuvuna kwa zamu ili visiki vichipue tena. Mfanyabiashara aliyetaka mkaa alilipa ushuru kwa kijiji. Ushuru huo ndio uliosaidia vijiji vya mradi kujenga madarasa, kuchimba visima na kuinua majengo ya zahanati.

Tuutazame mpangilio huo vizuri. Fedha za Uswisi zilikwenda zaidi kwenye mafunzo, vipimo na mipango. Huduma ya kijamii ililipiwa na mapato ambayo kijiji chenyewe kilijifunza kuyakusanya na kuyatolea hesabu mbele ya mkutano mkuu. Ruzuku ya namna hiyo huacha kitu hata mfadhili akifunga ofisi. Shirika la afya linaloomba fedha za kulipia posho na mafuta ya gari peke yake litabaki na gari lisilo na mafuta.

Hilo si jambo la kufikirika tu. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na ilipofika tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, halikuwa tena likiendesha misaada hiyo. Tangu mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, uanze mwaka 2003, sehemu kubwa ya kazi za UKIMWI nchini mwetu ilitegemea fedha zake. Mji kama Mikumi, unaokatwa na barabara kuu ya Zambia, malori yakilala na kuondoka kila siku, unaelewa maana ya huduma hizo kuyumba. Watu waliokuwa wakiwafuata wagonjwa majumbani walisikia habari hiyo redioni kama sisi wengine.

Kwa hiyo nasema, msianzie ubalozini. Anzeni zahanati.

Kila zahanati ina vitabu vya kumbukumbu za huduma, viitwavyo MTUHA. Humo mna idadi ya akina mama waliohudhuria kliniki, waliojifungulia kituoni, watoto waliopewa chanjo na wagonjwa waliopewa rufaa. Shirika lililosajiliwa, likiwa na barua ya utambulisho na ridhaa ya Mganga Mkuu wa Wilaya, linaweza kupewa takwimu za jumla bila jina la mgonjwa hata mmoja. Andiko la mradi linalosema "vifo vya uzazi ni tatizo kubwa vijijini" halimwambii mfadhili lolote. Andiko linalosema katika kata yetu wajawazito wangapi walianza kliniki, wangapi walirudi kujifungulia kituoni, na nauli ya bodaboda kwenda hospitali ni shilingi ngapi wakati wa mvua, hilo litasomwa hadi ukurasa wa mwisho. Mwaka 2009 gazeti la New York Times lilichapisha habari kuhusu vifo vya uzazi katika hospitali ya Berega, wilayani humu humu Kilosa. Nguvu ya habari ile ilitoka kwenye mambo mahususi: wodi, uhaba wa watumishi, wanawake waliofika wamechelewa. Nanyi mnayo mambo hayo, mengi kuliko mwandishi yeyote mgeni.

Nimewahi kuombwa kukagua andiko la kikundi kimoja cha kuhudumia yatima. Lilikuwa la kurasa 30, la Kiingereza kizuri, na katikati yake likataja wilaya ya mkoa mwingine kabisa. Kikundi kilikuwa kimemlipa mtu, naye akawauzia kazi aliyokwisha kuiuza kwingine. Wale mama walikuwa wakiwalisha watoto kwa michango yao wenyewe, na walikuwa na daftari la michango hiyo, safi, lenye tarehe na sahihi. Daftari hilo halikutajwa popote. Niliumia sana, kwa sababu lilikuwa na thamani kuliko kurasa zote 30.

Baada ya zahanati, nendeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri na kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Waulizeni mipango ya halmashauri inasema nini kuhusu kata yenu, na mashirika gani yako hapo tayari. Hapa niondoe mkanganyiko mmoja: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo wa vikundi vya uzalishaji mali. Si ruzuku ya shirika, na hurejeshwa.

Kwa ruzuku za ndani ya nchi, mlango unaojulikana zaidi ni Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam, inayotoa ruzuku pamoja na mafunzo ya kuisimamia. Fuatilieni matangazo yake, na someni masharti kabla ya kuandika chochote. Kwa mwenye haja ya jengo au vifaa, Ubalozi wa Japani una msaada wa miradi ya ngazi ya jamii ambao umejenga madarasa, mabweni na zahanati sehemu nyingi nchini. Msaada huo haulipi mishahara wala gharama za kila siku, basi msiuombee hayo. Wenye uhusiano na kanisa waanzie kwenye ofisi ya dayosisi yao, kwa kuwa hospitali kama St. Kizito ya Mikumi zina uzoefu wa miaka mingi wa kushughulika na wahisani.

Fedha zikipatikana, kuna sharti ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Kwa kanuni zilizorekebishwa mwaka 2018, mkataba wa fedha zinazozidi shilingi milioni 20 hupelekwa kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali na Hazina ndani ya siku 10 tangu usainiwe. Taarifa ya mwaka na ada nazo hazisubiri. Shirika linaweza kufanya kazi njema na bado likafutwa kwa sababu ya karatasi.

Ndiyo maana mafunzo nayaweka sawa na fedha zenyewe. Morogoro mjini upo umoja wa mashirika ya mkoa, UNGO, na nje ya mji kipo Chuo Kikuu cha Mzumbe, kinachofundisha uhasibu na utawala. Kilosa kuna chuo cha maafisa tabibu na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Mikumi wana VETA. Barua moja ya heshima kwa mkuu wa chuo, mkiomba mkufunzi wa siku mbili wa utunzaji wa vitabu vya fedha, ni gharama ndogo kuliko safari moja ya Dar es Salaam.

Na hapa nitasema wazi. Katika mashirika yetu, semina ikitangazwa huenda mwenyekiti, na ikitangazwa nyingine huenda mwenyekiti tena, kwa ajili ya posho. Mweka hazina, anayeandika risiti usiku kwa taa ya sola, habanduki kijijini. Mkaguzi akija, maswali yote huulizwa yeye. Mpelekeni yeye. Mpelekeni na yule dada anayewatembelea wagonjwa, kwani ndiye anayejua nyumba ipi ina mgonjwa asiyeweza kutembea.

Juma lijalo tutaandika bajeti ya mradi mdogo, mstari kwa mstari, kwa shilingi za leo. Kabla ya siku hiyo kila shirika lifanye kazi moja: mkae, mfungue daftari la michango ya miezi 12 iliyopita, mjumlishe.