Salamanda, Seli Zetu na Matumaini ya Tiba



Mwaka 1768 Padre Lazzaro Spallanzani wa Italia, mwalimu wa sayansi ya viumbe, alichapisha taarifa iliyowashangaza wasomi wa Ulaya: salamanda akikatwa mguu au mkia, huotesha mwingine kamili. Salamanda ni jamaa ya chura, ingawa kwa umbo hufanana na mjusi. Mjusi tunayemfahamu huotesha mkia tu, tena usio na mifupa kama ule wa kwanza. Salamanda hurudisha kiungo kizima pamoja na mifupa, misuli na neva zake.

Je, hutendekaje? Jeraha hufunikwa upesi na ngozi nyembamba. Chini yake, seli za sehemu iliyobaki hurudia hali ya uchanga na kukusanyika kuwa chipukizi. Mwaka 2009 watafiti waliomchunguza aksolotli, salamanda wa Meksiko, walionyesha kwamba seli hizo hazisahau asili yake: zilizotoka katika misuli huzaa misuli. Mwaka 2013 ilionekana kwamba zikiondolewa makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu na mabaki, mguu hauoti, hubaki kovu.

Mwili wa binadamu nao hufunga jeraha kubwa kwa kovu. Hata hivyo hatukunyimwa kabisa uwezo huo: ini lililokatwa sehemu hukua tena, na ncha ya kidole cha mtoto mdogo huweza kuota upya. Ndiyo maana wanasayansi wanatafuta namna ya kupunguza kovu na kuamsha seli za mgonjwa mwenyewe, ili zitengeneze moyo au uti wa mgongo ulioumia.

Kanisa haliogopi utafiti wa namna hiyo. Hati ya *Dignitas Personae*, iliyotolewa na Vatikano mwaka 2008, inakubali matumizi ya seli shina za mtu mzima, au za damu ya kitovu mtoto anapozaliwa, pasipo kumdhuru anayezitoa. Inakataa kuua kiinitete ili kuvuna seli zake, kwa maana uhai wa mtu mmoja haufanywi kamwe malighafi ya kumponya mwingine. Njia ya kuamsha seli za mgonjwa mwenyewe yaweza kufuatwa bila kuuvuka mpaka huo.

Lakini matumaini hayajawa tiba. Hakuna dawa leo inayomwotesha mtu mguu. Akija mtu kuwauzia “seli shina” zinazoponya kila ugonjwa, msiuze shamba. Mwulizeni kwanza daktari wa hospitali. Mwenye kisukari akague miguu yake kila siku, na akiona kidonda atibiwe mapema. Naye aliyekwisha kupoteza kiungo hadhi yake haijapungua. Jumuiya imsaidie kupata mguu wa bandia, na parokia iondoe ngazi zinazomzuia kuingia kanisani. Hayo hayasubiri maabara.