Njia ya Pepa: upepo wa pine unabadilika na barabara

Gari inayotoka kando ya ziwa Tanganyika kwenda Pepa inapanda milima ya Marungu, mahali pa baridi kali. Wakati wa mvua udongo unageuka potopoto, na hata Land Cruiser yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne inakwama. Ikilala njiani, mgonjwa aliyepakiwa ndani naye analala hapo.

Watu wengi wanafikiri pine iliyojaa upepo sana ndiyo yenye nguvu. Kwenye potopoto ni kinyume. Pine ngumu inagusa udongo sehemu ndogo, inachimba, inazama. Ukipunguza upepo mpaka karibu kilo 1,5 inalala kidogo, inagusa sehemu kubwa, na inashika. Kama gari imebeba mizigo mingi, usishushe hivyo. Tena uende polepole, juu pine laini inaweza kuchomoka kwenye janti ukikata kona haraka.

Hatari kubwa inakuja potopoto ikiisha na mawe yakianza. Pine laini inavimba pembeni, na jiwe linakata hapo hapo. Tundu la katikati fundi anaziba. Pembeni pakipasuka, pine imekufa. Basi usipunguze upepo kama hauna pompi ya kuurudisha. Pompi ya mguu inatosha, ni jasho tu.

Kipimo cha kawaida kinaandikwa kwenye mlango wa shofere. Pima asubuhi, pine zikiwa baridi. Na ile ya akiba pia. Mara nyingi ndiyo inakutwa haina upepo.