Kilindo, ubao na dumuzi: Vita ya kulinda nafaka nyanda za kati

KATIKA nyumba za tembe za Wagogo mkoani Dodoma, akiba ya chakula kwa desturi haikuwekwa kwenye gunia. Ilihifadhiwa ndani ya kilindo, chombo cha duara kinachotengenezwa kwa gome la mti lililobanduliwa likiwa zima, likakunjwa na kushonwa, kisha nyufa zake zikazibwa kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe.

Hekima ya chombo hicho inaeleweka kwa urahisi. Gome na ubao mkavu hunyonya unyevu hewa inapokuwa na maji, na kuutoa hewa inapokauka, hivyo kilichomo ndani hakipatwi na mabadiliko ya ghafla. Kwa kanuni hiyo hiyo, zile sigara nene za Cuba huhifadhiwa katika masanduku ya mbao za Cedrela, mti wa Amerika ya kitropiki ambao harufu yake inaaminika pia kuwafukuza wadudu wa tumbaku. Tofauti ni kwamba sigara ikiharibika mvutaji hukosa starehe tu, bali nafaka ikiharibika Dodoma familia hulala njaa.

Mkoa huo una msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Kinachovunwa hapo ndicho kinacholiwa hadi mavuno ya mwaka unaofuata, na mvua zikikosekana, akiba hulazimika kuvuka hata mwaka wa pili. Mtama na uwele, mazao ya asili ya Ugogo, yalivumilia safari hiyo ndefu ndani ya kilindo.

Mambo yalibadilika mahindi yalipozidi kushika nafasi ya mtama, na zaidi alipoingia dumuzi. Mdudu huyo mdogo wa kahawia, ambaye baadhi ya wakulima walimpachika jina la Skania kwa kufananisha nguvu zake na lori, asili yake ni Amerika ya Kati. Barani Afrika alibainika kwanza mkoani Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Uchunguzi uliofanyika huko wakati huo ulionyesha kuwa mahindi yaliyohifadhiwa katika magunzi yaliweza kupoteza karibu theluthi moja ya uzito wake ndani ya miezi mitatu hadi sita.

Hapa ndipo ubao ulipogeuka kutoka mlinzi na kuwa mshukiwa. Dumuzi ni wa jamii ya wadudu watoboa miti. Mahindi na makopa ya muhogo yakiisha ghalani, anaweza kujificha ndani ya nguzo, fito na magome ya ghala lenyewe, akasubiri mavuno mapya. Mkulima anayefagia sakafu na kusahau nguzo huwa amemwachia adui chumba cha kulala.

Ndiyo maana katika miaka ya 1980 wakulima walihimizwa kuacha desturi ya kuhifadhi mahindi katika magunzi, wayapukuchue na kuyachanganya na dawa ya unga. Shauri hilo lilikuwa gumu kuliko linavyosikika, kwani kupukuchua mavuno yote kwa mkono ni kazi ya siku nyingi, na dawa inahitaji fedha taslimu. Dawa iliyoghushiwa au iliyopitwa na muda haimsaidii mkulima hata kidogo.

Katika miaka ya karibuni imeenea mifuko isiyopitisha hewa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia la nje. Nafaka iliyokauka vizuri ikifungwa humo, wadudu waliomo humaliza hewa ya oksijeni na kufa bila dawa yoyote. Lakini dumuzi ana meno ya kutoboa hata plastiki, na tundu moja linatosha kurudisha hewa ndani. Kwa sababu hiyo mifuko haipaswi kuegemezwa kwenye nguzo zilizotobolewa, wala kupangwa karibu na kilindo cha zamani chenye vumbi la mahindi ya mwaka uliopita.