Mstari wa Vumbi Chini ya Gasketi

Lori liliingia karakanani kwangu hapa Tabora likitokea Kaliua na shehena ya tumbaku. Dereva, mtu mzima wa miaka kama 60, alinisalimu "Mwangaluka, fundi," kisha akaniambia kilichomleta. Gasketi ya manifoldi ya hewa ilikuwa imebadilishwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja, kila mara kwa fundi tofauti, na kila mara ilivuja tena.

"Safari hii nitafutie orijino," alisema. "Hizi tunazouziwa ni mbovu."

Nilipoivua manifoldi nikamwita aje aone. Kwenye tundu la hewa la silinda ya tano, kuanzia ukingoni kuingia ndani, kulikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya udongo mwekundu, kama uliochorwa kwa penseli. Nikapitisha kidole, ukakwaruza. Ulikuwa udongo wa barabarani. Gasketi yenyewe haikuwa imechanika popote. Pande nyingine zote ilikuwa imebonyea vizuri na kubakiwa na alama ya chuma, lakini pale kwenye silinda ya tano ilikuwa laini kama siku ilipotoka kwenye pakiti.

"Mzee, gasketi haina kosa," nikamwambia. "Haikubanwa."

Tangu siku ile, lori likiletwa kwangu kwa tatizo linalojirudia, siulizi kwanza gasketi ilinunuliwa wapi. Gasketi ni karatasi au bati jembamba linalokaa kati ya vyuma viwili. Kazi yake ni kuziba vijikwaruzo ambavyo macho hayavioni. Haina uwezo wa kunyoosha chuma kilichopinda, wala kufanya kazi ya boliti isiyobana.

Kwa nini jambo hili lisichukuliwe kirahisi? Injini ya lori lile ni ya lita saba na nusu hivi, ya dizeli, haina turbo. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika inavuta zaidi ya lita 6,000 za hewa katika dakika hiyo moja. Asilimia moja tu ya hewa hiyo ikipenya pembeni mwa gasketi, ni lita 60 kila dakika ambazo hazikupita kwenye ea klina. Tena ea klina ikijaa vumbi, injini huvuta kwa nguvu zaidi, na ule upenyo mdogo hupitisha zaidi.

Kwetu hewa hiyo haiji peke yake. Barabara kuu nyingi siku hizi zina lami, lakini tumbaku, mpunga na asali havivunwi kando ya lami. Kiangazi ndicho msimu ambao wapagazi wa Kinyamwezi walifunga mizigo kwenda pwani, kwa kuwa mvua zikianza walihitajika mashambani. Leo malori nayo yana kazi nyingi kuliko wakati wote katika miezi hiyo hiyo, wakati udongo wa njia za vijijini umekuwa unga. Chembe za mchanga wake ni ngumu kuliko chuma cha silivu. Zikishachanganyika na oili, kati ya ringi na silivu unakuwa umeweka msasa.

Ubaya ni kwamba uvujaji wa aina hii hauna kelele. Kwenye injini ya turbo hewa husukumwa kwenda nje: dereva atasikia mlio, ataona moshi mweusi, lori litakosa nguvu mlimani.  Lakini injini isiyo na turbo inameza kimya kimya. Miezi inapita, kisha injini inaanza kula oili, halafu inapumua kwenye mfuniko wa kujazia oili, halafu asubuhi haiwaki bila kusukumwa. Wakati huo tajiri analaumu oili, na bei ya oveholi ameshaikaribia.

Nirudi kwenye lori lile. Cha kwanza nilichopima ni boliti, kwa sababu ndizo zenye udanganyifu mkubwa. Nne kati yake zilikuwa ndefu kuliko nyingine, bila shaka zilitolewa kwenye kopo la boliti za kuokoteza. Boliti ndefu hugonga mwisho wa tundu kabla kichwa chake hakijaifikia manifoldi kwa nguvu. Spana inagoma, mkono wa fundi unahisi kazi imekwisha, kumbe boliti imebana tundu tu, gasketi haijaguswa. Oili au matope yaliyosalia ndani ya tundu lisilotokea upande wa pili huleta udanganyifu ule ule. Mimi hutumia waya: nautumbukiza hadi mwisho, natia alama kwa ukucha, kisha nalinganisha na urefu wa boliti baada ya kutoa unene wa manifoldi, gasketi na wosha. Ni kazi ya dakika kumi kwa injini nzima, na sijui kwa nini hatuifundishi vijana siku ya kwanza.

Kuna kosa la upande wa pili, la kukaza kupita kiasi. Boliti ya milimita nane ya daraja la 8.8 kwa kawaida inataka Nm 20 hadi 25, ingawa kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Spana ya sentimita 20 ikivutwa kwa nguvu ya kilo 25 inatoa karibu Nm 50. Kijana mwenye mkono mzito anafika hapo bila kujua. Boliti inarefuka, nyuzi za tundu zinaanza kung'oka, na manifoldi inapinda kati ya boliti na boliti. Kaza kwa spana yenye kipimo, ukianzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu.

Alumini nayo ina tabia yake. Manifoldi ya alumini yenye urefu wa sentimita 70, joto lake likipanda nyuzi 70, hurefuka zaidi ya milimita moja. Hedi ya chuma iliyo nyuma yake hurefuka kama nusu ya hapo. Kila siku injini inapowaka na kupoa, nyuso hizo mbili zinasuguana kidogo, na gasketi iko katikati. Ndiyo maana matundu ya manifoldi huwa mapana kidogo kuliko boliti: yameachiwa nafasi ya kutembea.

Nikaweka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa manifoldi, nikapitisha fila geji, vile vijani vyembamba vya kupimia upenyo. Injini nyingi huwekewa kikomo cha kati ya milimita 0.1 na 0.2. Pale kwenye silinda ya tano jani la 0.35 lilipita bila kusukumwa. Hakuna gasketi, orijino wala isiyo orijino, ambayo ingeziba hapo. Manifoldi ikapelekwa kupigwa skim, uso wake usawazishwe.

Sehemu ya upindaji ule ilitengenezwa na mafundi wenzangu waliotangulia, kwa grainda. Mistari ya duara ya diski bado ilionekana. Tafadhali, grainda isiguse uso wa gasketi. Inachimba mashimo, na unga wake unaingia kwenye matundu ya hewa, ukafanye kazi ile ile ya vumbi tuliyotaka kuizuia. Tumia kikwangua cha shaba au plastiki ngumu, uzibe kila tundu kwa kitambaa, na uvihesabu vitambaa: sita viliingia, sita vitoke. Gasketi za zamani sana huweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Zilowanishe kabla ya kukwangua, na usizipulize kwa kompresa.

   

Silikoni nitaisema kwa kifupi: kama mtengenezaji hakuitaja, usiipake kwenye gasketi ya karatasi. Inaifanya iteleze inapobanwa, na mabaki yake humeguka ndani ya tundu.

Likabaki swali moja. Kwa nini silinda ya tano, na si ya kwanza? Nikafuata bomba linalotoka kwenye ea klina, nikakuta halina kibano cha kulishikilia. Uzito wote wa bomba ulikuwa unaning'inia kwenye manifoldi, ukitikiswa na kila korongo. Nilipomuuliza, dereva alikumbuka: kibano kilikatika njia ya Urambo, mwaka mmoja uliopita na zaidi. Utingo wake akafungua nyuma ya kiti, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Kibano kilikuwa ndani, vipande viwili. Tukakichomelea siku hiyo hiyo.

Baada ya kufunga, niliziba mdomo wa bomba la hewa kwa ubao wenye mpira, nikaingiza hewa ya kompresa taratibu, psi 3 hadi 5, nikapaka maji ya sabuni kando ya gasketi yote. Hewa kidogo itatokea ekzosi kupitia valvu zilizo wazi, hiyo haina neno. Unachotafuta ni mapovu kwenye maungio. Hayakuwepo. Wiki tatu baadaye dereva alipita akielekea Sikonge, injini ikiwa imelala usiku kucha na kupoa. Nikapitisha tena spana ya kipimo kwenye boliti zote, maana gasketi ya karatasi huzama kidogo ikishapata joto. Mbili zilisogea, kwa robo ya mzunguko. Nikarudia sabuni. Povu la silinda ya tano lilikaa palepale nilipolipaka, hadi likakauka.